Msaidie mwenzako kupunguza uzito

Ndugu msomaji wa Lobule, Imvepi au Rhino Camp, mumeo au mkeo akiambiwa apunguze uzito kwa sababu ya kisukari au presha, hiyo ni kazi ya nyumba nzima. Hata waliofanyiwa upasuaji wa tumbo ili wapungue hubadili chakula maisha yao yote.

1. Msimpikie peke yake. Wote mle nusu sahani ya mboga kama sombe au dodo, robo ugali, robo maharage. Mafuta yawe kidogo. Chumvi isizidi kijiko cha chai kwa mtu kwa siku.

2. Tembeeni pamoja nusu saa, siku 5 kwa wiki.

3. Asiache dawa. Mwenye kisukari akitetemeka, kutoka jasho na kuchanganyikiwa, sukari imeshuka. Kama anaweza kumeza, mpe maji ya sukari, kisha mpelekeni kituo cha afya.

4. Majirani watasema amekonda kwa njaa au UKIMWI. Mtetee, usicheke nao. Lakini akikonda ghafla bila kujitahidi, apimwe.

Unene haukuja siku moja. Mvumilie.