Mafunzo Niliyopata Katika Mashua ya Joka

Nilizaliwa Lamu, mtoto wa mvuvi, na nilihamia Vancouver, Kanada, nikiwa mtu mzima. Baridi ya mwaka wa pili ndiyo iliyonielemea: kazini, nyumbani, kazini. Jumamosi moja mwenzangu wa kazi alinipeleka False Creek, hori la bahari lililopenya katikati ya mji, ambako chama chao cha mashua za joka kilikuwa na mazoezi. Huu ni mwaka wangu wa sita.

1. Nguvu bila mapigo ni kazi bure

Mashua huchukua wapiga makafi 20, wawili wawili kila benchi, pamoja na mpiga ngoma omoni na mshika usukani tezini. Nilivuta kwa nguvu zangu zote, kama baba alivyonifunza mtumbwini, na kafi langu likawa linagongana na la mbele. Mwalimu hakunikemea. Aliniambia niache kutazama maji, niwatazame wawili wa benchi la kwanza, kwa maana hao ndio wanaoweka mapigo. Makafi yote yakichoma maji kwa pamoja, mashua huchomoka, nawe unaihisi chini ya mapaja. Kafi moja likichelewa, unahisi vilevile. Ilinichukua miezi miwili kuupata wakati huo, na siku nilipoupata sikutaka turudi gatini.

2. Mikono si ya kutegemea

Itachoka mapema, na mbio za mita 500 zinaomba zaidi. Geuza kiwiliwili, fika mbele, zamisha kafi lote, kanyaga kwa mguu wa upande wa maji. Mgongo ndio unaovuta.

3. Mchezo una wenyewe

Mzee mmoja wa chama chetu, mzaliwa wa Hong Kong, ndiye aliyenisimulia habari za Qu Yuan, mshairi na mshauri wa dola ya Chu, ambaye inasemekana alijitosa katika mto Miluo mwaka 278 K.K. Wavuvi walikimbilia mitumbwi kumtafuta, wakipiga ngoma na kutupa wali majini ili samaki wasimguse. Ndiyo sababu mashua za joka hushindana katika sikukuu yake, siku ya 5 ya mwezi wa 5 wa kalenda ya Kichina. Mashindano ya kimataifa yalianza Hong Kong mwaka 1976, na mashua za mbao za msaji zililetwa Vancouver kwa maonyesho ya dunia ya 1986.

Kabla ya mbio, joka la omoni hutiwa nukta za rangi machoni ili lizinduke. Nilipoona hivyo nilikumbuka majahazi ya kwetu yenye macho omoni. Tangu siku hiyo sikujiona mgeni pale.

4. Mwili uliougua bado una kazi

Hili ndilo lililonigusa kuliko yote. Wakati fulani, wanawake waliotibiwa saratani ya matiti walikatazwa kazi nzito za mikono, kwa hofu kwamba mkono ungevimba. Mwaka 1996, hapahapa Vancouver, Dkt. Don McKenzie wa Chuo Kikuu cha British Columbia aliwaingiza wanawake 24 wa namna hiyo kwenye mashua ya joka. Hakuna hata mmoja aliyepata uvimbe mpya. Timu yao, Abreast in a Boat, ilizaa nyingine katika nchi nyingi. Siku za mashindano mashua zao hukusanyika, wote wananyamaza, kisha maua ya rangi ya waridi hutupwa majini kuwakumbuka waliotangulia.

Dada yangu, aliyeko Mombasa, aliondolewa titi, akawa anaogopa hata kubeba ndoo. Nilimsimulia niliyoyaona, akaenda kumwuliza daktari wake. Sasa anafanya mazoezi kila alfajiri, akianza na uzito mdogo.

5. Kiti kitupu huonekana

Nisipofika, mashua huelemea upande mmoja na simu yangu hulia kabla ya saa sita. Kwa mtu aliyeishi ugenini bila wa kumwulizia, hiyo ni neema kubwa.

Basi wewe unayeishi mbali na kwenu, na mji wako una maji na chama kama hiki, nenda Jumamosi hii. Jaketi la kuokolea na kafi utaazimwa. Watakachotaka kujua kwanza ni upande unaopendelea kukaa, kushoto au kulia.