Shahada Ni Ushahidi

Kijana wa kijijini akimaliza chuo kikuu tunasema, "Kapata digrii!" Kwa Kiswahili digrii huitwa shahada. Je, maana yake ni nini?

Neno shahada ni ndugu wa maneno shahidi na ushahidi. Chuo kinashuhudia kwamba mtu huyu amesoma somo fulani, amepimwa na amefaulu. Basi, kama tufanyavyo barazani, tujiulize maswali matatu.

Kwanza, ushahidi ni wa jambo gani? Hapa Tanzania shahada ya kwanza husomwa baada ya kidato cha sita au stashahada. Kwa kawaida ualimu huchukua miaka 3, uhandisi miaka 4, na udaktari wa watu miaka 5. Aliyesomea historia hakushuhudiwa kwamba anajua kutibu ng'ombe.

Pili, shahidi ni nani? Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 kikiwa na wanafunzi 14 wa sheria. Mwaka 1970 kikawa chuo kikuu kamili. Siku hizi vyuo ni vingi, na vinasimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Chuo kisichotambuliwa ni kama shahidi wa uongo. Kwa hiyo, kabla hujauza ng'ombe ulipe ada, hakikisha mtoto ameuliza kwenye Tume kama chuo hicho kinatambuliwa.

Tatu, jambo gani halikushuhudiwa? Shahada haisemi kwamba kazi ipo. Tena, daktari mpya hufanya kazi kwanza chini ya uangalizi. Aliyesoma sheria husoma tena kwa vitendo kabla ya kuwa wakili. Na aliyekopa Bodi ya Mikopo, deni lake linamngoja.

Basi kijana akirudi nyumbani bila kazi, tusimcheke, wala tusiseme fedha yetu imepotea. Tumwulize, "Mwanangu, umejifunza nini kinachoweza kutusaidia hapa?" Kama ni kilimo, twende naye shambani. Kama ni hesabu, atusaidie kukagua vitabu vya chama chetu cha ushirika. Naye asione haya kuwauliza wazee wanayoyajua. Elimu yao haina cheti, lakini ni elimu.

Maswali ya kujadili
1. Shahada inashuhudia nini? Haishuhudii nini?
2. Utajuaje kama chuo kinatambuliwa?
3. Vijana wasomi wanaweza kufanya nini kijijini kwenu?