Justinian Tamusuza, Mtunga Muziki wa Buganda
Hapo kale njia ya misafara itokayo Bagamoyo iligawanyika Tabora: moja kwenda Ujiji, nyingine kaskazini. Kwa hiyo ya kaskazini wamisionari Wakatoliki waliifikia Buganda mwaka 1879, wakiwa na nyimbo zao za Ulaya.

Katika nchi hiyo Tamusuza alizaliwa mwaka 1951. Akasomea muziki Belfast, kisha Marekani. Mwaka 1988 alitunga «Mu Kkubo Ery'Omusaalaba», yaani Katika Njia ya Msalaba, kwa vinanda vinne vya nyuzi vya Kizungu. Lakini wapigaji huzipiga nyuzi kwa vidole pia, zikalia kama ala za Kiganda. Kronos Quartet wa Marekani waliupiga, na sahani ikatoka 1992. Chombo cha mgeni hakukikataa, wala hakukitumikia.

Nasi tuimbishao Unyamwezi, sauti za kwetu tumezipa nafasi gani kanisani?