Mbuni Ulioharibika Umbo

Walimu kadhaa wa mitaani wameniuliza habari za mibuni mizee ya vihamba vyetu vya Kilimanjaro: miti mirefu iliyopinda, mitupu chini, yenye majani juu tu mfano wa mwavuli. Je, ing'olewe, au umbo lake laweza kutengenezwa? Neno hili si dogo. Tangu mapadre wa Kilema walipoileta kahawa mlimani yapata mwaka 1898, karo za watoto wetu, na mabati ya makanisa yetu sisi Walutheri pia, yametoka katika mti huo.

Kwanza tujue sababu. Mbuni huzaa katika sehemu ya tawi iliyokua msimu uliotangulia. Pale ulipokwisha kuzaa hauzai tena vema. Kwa hiyo matunda huzidi kwenda juu na nje mwaka kwa mwaka, hata mchumaji hana budi kuyavuta kwa kigongo. Tena tawi la pembeni likikatika shinani, jingine haliji mahali pake. Angojaye sehemu ile tupu ijae majani, atangoja bure. Walakini chini ya gome la shina yamo macho yaliyolala. Hayo yakipata mwanga hutoa machipukizi yasimamayo wima, na chipukizi la namna hii laweza kuwa shina jipya lenye matawi tangu chini.

Lakini chunguza mguu wa mti. Ukiona matundu na unga wa mbao, funza wameingia. Nao wakiwa wamekwisha kuuzunguka, ng'oa uchome moto.

Kazi yenyewe hufanywa mavuno yakiisha, kabla ya masika. Punguza majani ya migomba yaufunikayo mti. Kata shina kwa msumeno mkali, kadiri ya sentimita 30 hadi 45 juu ya ardhi, kwa mshazari ili maji yateremke. Likiwapo tawi zima chini ya mkato, liache. Hilo huilisha mizizi mpaka machipukizi yapate nguvu, ndipo nalo liondolewe.

Hapa naungama kosa langu. Nilipotoka seminari, nikijiona mjuzi, nalikata mibuni yote ya mama yangu kwa juma moja, wala sikuacha tawi hata moja. Baadhi ilikauka. Iliyosalia ilikaa miaka miwili pasipo mavuno ya maana, na mama akamwuza ng'ombe wake ili mdogo wangu asifukuzwe shule. Hakuninenea neno baya, nami ningeona afadhali angenena. Basi kata robo ya kihamba kila mwaka, isizidi, ili nyumba isikose kitu.

Nanyi wazee wa kanisa, tumfikiri ndugu aliyetengwa. Tusomapo Yohana 15 twapenda kukaa sana penye kisu. Mtu akianguka katika ulevi twamzuilia Meza ya Bwana, na ni haki. Lakini mara nyingi twamnyima na salamu, na nafasi kwaya, wala hapana amwendeaye nyumbani. Kisha twastaajabu kwamba hakurudi. Mwalimu, ni tawi gani umemwachia? Mimi naona asipite juma pasipo mmoja wenu kubisha hodi kwake, hata akifungua mlango akiwa amelewa.

Turudi kihambani. Baada ya miezi miwili au mitatu machipukizi yatatoka kwa wingi, na moyo utakushawishi kuyaacha yote kwa furaha. Usiyaache, maana yatasongana. Chagua mawili au matatu yenye nguvu, yaliyoachana kulizunguka shina, yaliyotoka chini kidogo ya mkato. Yale ya ukingoni kabisa hung'oka kwa upepo. Mengine yavunje kwa mkono yangali laini, urudi tena kila mwezi wakati wa mvua, kwa kuwa shina lililokatwa haliachi upesi kuchipua.