Busia na Malaba: Jiografia, Wakazi na Burudani ya Miji ya Mpakani, na Nafasi ya Kiswahili

Ikisiri

Makala hii inachunguza miji ya Busia na Malaba, upande wa Kenya, kwa kuzingatia mambo matatu: mahali ilipo, watu wanaoishi na kupita humo, na namna wanavyoburudika. Inadai kwamba Kiswahili kinachozungumzwa katika miji hii ni ushahidi unaopinga dhana ya muda mrefu nchini Uganda kuwa lugha hii ni ya askari na wezi. Mwishoni, makala inapendekeza namna mpya ya kukusanya fasihi simulizi ya mpakani.

1.0 Utangulizi

Busia na Malaba hutajwa mara nyingi katika habari za malori, ushuru na magendo. Ni nadra kutajwa katika mijadala ya Kiswahili. Wanafunzi wetu wanapotafuta uwanja wa utafiti huelekea Lamu, Mombasa au Unguja, na wanaobaki bara hupendelea Sheng ya Nairobi. Hata hivyo, kama kweli Kiswahili ni lugha ya mawasiliano ya Afrika Mashariki, hapana budi tukitazame pale ambapo nchi mbili za eneo hili zinagusana.

2.0 Jiografia

Miji hii miwili imo katika Kaunti ya Busia, magharibi mwa Kenya, na imetenganishwa na mwendo wa takriban kilomita 30. Busia iko kusini, mwisho wa barabara itokayo Kisumu. Malaba iko kaskazini, mwisho wa barabara kuu itokayo Mombasa kupitia Nairobi na Eldoret. Reli ya zamani iendayo Tororo na Kampala nayo hupitia hapo. Kila mji una pacha wake wenye jina lilo hilo upande wa Uganda. Kwa hiyo wenyeji hulazimika kubainisha: Busia ya Kenya, Busia ya Uganda.

Mpaka wenyewe hauna sura moja. Huko Malaba ni mto, nao mto huo unaitwa Malaba. Katika mji wa Busia ni ardhi tambarare isiyo na alama ya kimaumbile. Kusini zaidi, Mto Sio ndio unaozigawa nchi mbili hadi karibu na Ziwa Viktoria. Mto Malaba huelekea Ziwa Kyoga, ilhali Sio huingia Viktoria. Maji ya Viktoria nayo hushuka kwa Mto Nile hadi Kyoga. Hivyo maji ya mito hiyo miwili hukutana Uganda, ingawa mtu anayeitazama ikiwa Kenya angedhani imeachana kabisa.

Mstari huu ni wa karne ya 20. Mwaka 1902 Waingereza waliliondoa Jimbo la Mashariki la Uganda na kulitia katika himaya yao iliyokuja kuitwa Kenya. Wateso na Wasamia wakajikuta pande zote mbili. Kwao, kuvuka mpaka kulikuwa ni kwenda kwa shangazi kabla hakujawa biashara ya kimataifa.

3.0 Wakazi

Kwa mujibu wa sensa ya 2019, Kaunti ya Busia ilikuwa na watu 893,681, katika eneo la takriban kilomita 1,700 za mraba. Hiyo ni zaidi ya watu 500 kwa kila kilomita moja ya mraba. Mjini Busia na viungani mwake Wakhayo ndio wenyeji. Malaba na Amagoro ni kwa Wateso. Kusini wako Wasamia na Wanyala. Na kote humo wamo Waluo, Wasomali, Wakikuyu na Waganda waliofuata biashara.

Lakini takwimu hii inahitaji kufasiriwa kwa uangalifu. Sensa hiyo ilimhesabu kila mtu mahali alipolala usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti 2019. Mji wa mpakani hujaa mchana. Mama anayevuka asubuhi na ndizi au mayai kutoka Uganda na kurejea jioni na sabuni na mafuta ya kupikia hakuhesabiwa Busia ya Kenya, ingawa siku nzima aliuza, alinunua na alizungumza humo. Vivyo hivyo watu wenye ulemavu wanaosafirisha mizigo kwa baiskeli za magurudumu matatu zinazoendeshwa kwa mikono, ambao kwa miaka mingi wamekuwa sehemu ya sura ya mpaka wa Busia: aliyelala ng'ambo alihesabiwa ng'ambo. Mtafiti wa lugha akitegemea sensa pekee atawakosa wasemaji muhimu.

Watu hawa wanakutana kwa lugha ipi? Ateso ni ya Kiniloti, Lukhayo na Lusamia ni za Kibantu, na dereva wa lori atokaye Mombasa huenda asijue hata moja kati ya hizo. Kiswahili ndicho kinachobaki. Tuangalie mifano miwili ya sokoni. Kwanza, samaki wadogo wa ziwani huitwa omena na Mkenya, mukene na Mganda, na dagaa na Mtanzania. Mchuuzi wa Busia huyajua majina yote matatu na huchagua kulingana na uso ulio mbele yake. Pili, nchi zote mbili hutumia sarafu iitwayo shilingi, lakini thamani zake zinatofautiana sana. Kwa sababu hiyo bei haijakamilika mpaka kiongezwe kirai: elfu moja za Kenya, elfu moja za Uganda. Kiunganishi hicho kidogo, "za", kinaweza kumtia mtu hasara.

4.0 Neno Boda Boda

Mchango mkubwa wa miji hii katika msamiati wa Kiswahili ni neno boda boda. Kwa maelezo yanayokubalika na wengi, lilizuka katika miaka ya 1960 na 1970, waendesha baiskeli walipowabeba abiria na mizigo kati ya vituo vya forodha vya nchi mbili, wakinadi safari ya kutoka mpaka hadi mpaka. Neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka lilitoholewa kwa sauti za Kiswahili, kisha likarudufishwa kama yanavyorudufishwa maneno yetu mengi.

Baadaye baiskeli ikaipisha pikipiki, na neno likahamia kwenye chombo kipya. Leo linatumika Kampala, Nairobi na Dar es Salaam, na anayelitumia hahitaji kukumbuka mpaka wowote. Aidha, limejipatia nafasi katika sarufi: husemwa boda boda imefika, boda boda zimefika, na hata boda boda wamegoma, pale linapomaanisha waendeshaji. Neno hilo halikubuniwa na baraza la lugha wala kamati ya istilahi. Lilitoka kwa watu waliokuwa wakitafuta nauli.

5.0 Burudani

Burudani inastahili uzito katika mjadala huu kwa sababu sokoni mtu hutumia Kiswahili kwa kulazimika, lakini katika mapumziko hukitumia kwa hiari.

Malori yanapokwama Malaba, kama yalivyokwama mwaka 2020 na tena Januari 2022 kutokana na masharti ya kupima UVIKO-19, madereva na utingo hukaa siku kadhaa pasipo kazi. Hata katika siku za kawaida, anayesubiri hati zake hupoteza saa nyingi. Hapo ndipo drafti ya vizibo vya soda hutandikwa, na pamoja nayo majigambo, mafumbo na utani. Jioni, vibanda vya kuonyesha mpira hujaa watu wa nchi mbili wanaoshabikia timu za Uingereza kwa Kiswahili.

Miongoni mwa Wateso, burudani ya heshima ni ajono, pombe ya wimbi inywewayo kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja. Mwanaanthropolojia Ivan Karp, katika makala yake ya 1980 kuhusu Wateso wa Kenya, alionyesha kwamba unywaji huo una adabu zake na kwamba ndani yake jamii hujieleza yenyewe. Penye chungu hicho husikika pia akogo, ala ya kupigwa kwa vidole gumba.

Kwa apendaye matembezi, kuna fukwe za Sio Port na Port Victoria, na kuna Kakapel, katika Teso Kaskazini, penye michoro ya kale ya miambani. Mwaka 2024 wanaakiolojia walitangaza kuwa katika pango la Kakapel wamepata kunde zenye umri wa miaka 2,300 hivi, pamoja na mbegu za wimbi zenye umri wa angalau miaka 1,000. Kwa hakika, wimbi linalojaza chungu cha ajono lilikuwapo hapa karne nyingi kabla ya mpaka.

6.0 Hitimisho

Nchini Uganda, Kiswahili kilibeba jina baya. Amri ya Idi Amin ya 1973 ya kukifanya lugha ya taifa ilizidi kukihusisha na bunduki. Magendo nayo yalichangia, hasa mwaka 1976 na 1977, bei ya kahawa ilipopanda duniani na kahawa ya Uganda ikavushwa kwa wingi hadi soko la Chepkube, kaskazini mwa Malaba. Marekebisho ya katiba ya Uganda ya 2005 yalikitaja kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha utekelezaji wake. Lakini sheria haiondoi dhana. Kinachoweza kuiondoa ni ushahidi, na ushahidi uko Busia na Malaba: wachuuzi wanaokopeshana kwa Kiswahili bila hati, na wasafiri wanaotaniana kwacho bila kulazimishwa na yeyote.

Hata hivyo, ushahidi huo haujakusanywa ipasavyo. Tumezoea kuipanga fasihi simulizi kwa kabila: nyimbo za Wateso, ngano za Wasamia. Utani wa penye drafti, ambao mtambaji wake ni Mkamba na hadhira yake ni Mgwe, Mteso na Msomali, hauingii katika jalada lolote kati ya hayo, hivyo hupotea. Aidha, tangu kituo cha pamoja cha forodha kilipozinduliwa rasmi Busia tarehe 24 Februari 2018, lengo limekuwa kupunguza muda wa kusubiri mpakani. Hilo ni jema kwa biashara. Lakini fasihi tunayoizungumzia ni zao la kusubiri. Yafaa basi wanafunzi wa Kenya na wa Uganda waungane, wakae pande zote mbili za mpaka, na waikusanye kwa vigezo vya mahali na tukio badala ya kabila, wakati ambapo foleni bado ipo.