Kazaliwa hana damu, mbona wanampima mama?

SWALI: Daktari, nilijifungua binti wa kilo tatu, miezi imetimia, na sikutokwa na damu mimba nzima. Ila siku mbili kabla ya uchungu alipunguza kucheza. Alizaliwa amepauka hadi viganja, wakamwongezea damu usiku uleule. Kilichonishangaza, walinitoa na mimi damu wakasema wanatafuta damu ya mtoto humo. Mama mkwe anasema ni udongo niliokuwa nakula. Ni kweli? – Msomaji, Morogoro.

JIBU: Hongera kwa binti, na pole kwa usiku ule. Nianze na la mama mkwe, maana nahisi ndilo linalokunyima usingizi. Udongo haumfai mjamzito, kwa kuwa unazuia mwili kufyonza madini ya chuma na unaweza kuwa na mayai ya minyoo. Lakini mtoto aliye tumboni hujichotea chuma hata kwa mama aliyepungukiwa. Akiathirika, huzaliwa na akiba ndogo, na upungufu wa damu hujitokeza miezi kadhaa baadaye. Kuzaliwa amepauka vile kuna sababu nyingine, na ndizo waganga wako walikuwa wakizisaka.

Mtoto mchanga ana damu mililita 80 hadi 90 kwa kila kilo. Binti yako basi alikuwa na kama mililita 250, kiasi kisichojaza chupa ya soda. Kwenye kondo la nyuma damu yake na yako hupita jirani bila kuchanganyika, ingawa matone machache huvuka katika mimba nyingi bila madhara. Mara chache ukuta unaozitenga hupasuka na damu nyingi ya mtoto ikaingia kwa mama. Pengine mama alianguka au kondo lilibanduka, lakini mara nyingi sababu haijulikani. Kwa kuwa damu inahamia ndani yako, kwenye kanga hakuonekani kitu. Mtoto kupunguza kucheza huenda ikawa dalili pekee, na inapotokea ni ya kukimbilia hospitali siku hiyohiyo.

Ndiyo maana walikutoa damu. Mwaka 1957, huko Ujerumani, Kleihauer, Braun na Betke walieleza kipimo ambacho bado kinatumika. Himoglobini ya mtoto wa tumboni hustahimili tindikali, ya mtu mzima haistahimili. Tone la damu ya mama hupakwa kwenye kioo, likaoshwa kwa tindikali na kutiwa rangi: chini ya darubini chembe za mama huonekana maganda matupu, za mtoto zimekolea wekundu. Mtaalamu huhesabu. Mama mwenye lita tano za damu akikutwa na chembe 2 za mtoto katika kila 100, hiyo ni takriban mililita 100 zilizovuka. Kwa binti wa kilo tatu, ni zaidi ya theluthi moja ya damu yake yote.

Kipimo hiki kina mitego, na kwetu mmoja ni mkubwa: mama mwenye sikoseli huwa na himoglobini ya utotoni katika damu yake mwenyewe, hivyo jibu linaweza kudanganya. Upande mwingine, makundi ya damu yasipopatana, kwa mfano mama O na mtoto A, kinga ya mama huziharibu upesi chembe ngeni na kipimo kikasoma hakuna kitu. Kwa hiyo damu ya mama ichukuliwe mapema. Hospitali isiyo na kipimo hiki hubaki kuondoa sababu nyingine moja moja.

Kwa mtoto mwenyewe, namba pekee haitoshi. Aliyetimiza miezi kwa kawaida huwa na himoglobini kati ya 14 na 20. Akipoteza damu ghafla, ya kwanza huweza kusoma 16 huku yeye yuko taabani, kwa sababu damu iliyobaki bado haijachanganyika na maji ya mwili. Baada ya saa kadhaa ndipo inaporomoka. Binafsi siridhiki na kipimo kimoja, hasa cha kutoboa kisigino, ambacho husoma juu kuliko cha mshipa. Aliyevuja polepole kwa wiki nyingi huzaliwa na himoglobini ya chini tayari, lakini aweza kuwa mtulivu kwa kuwa mwili umeshazoea. Huyo huongezewa damu taratibu, moyo usije ukazidiwa.

Kwa watoto wetu weusi, weupe huo tunautafuta kwenye midomo, ulimi, viganja na nyayo. Aliyekosa hewa naye hupauka, ila mapigo yake huenda polepole, na akisaidiwa kupumua rangi hurudi. Aliyepoteza damu moyo hukimbia, na hata akipewa oksijeni hubaki vilevile. Kama ni damu inayoharibiwa mwilini, manjano huanza mapema.

Angalia kadi yako ya kliniki. Kama kundi lako ni hasi na la binti ni chanya, mwulize daktari ulichomwa sindano ngapi za kinga ya Rh. Dozi ya mikrogramu 300 hutosha mililita 30 hivi za damu ya mtoto, kwa hiyo zikivuka 100 sindano moja ni ndogo. Na binti, hata akinawiri, alipoteza chuma pamoja na damu ile. Umpeleke kliniki wapime himoglobini tena na wakupangie matone ya chuma. Usimnunulie mwenyewe dukani.