Springi Ngumu Haimaanishi Gari Imara: Somo la Fizikia Chini ya Pikapu

Wanachuo wenzangu, wengi wetu tunaosoma ualimu tutapangiwa shule ambazo basi halifiki. Kipande cha mwisho cha safari tutamalizia kwenye pikapu, tena juu ya magunia. Kwa hiyo kinachoendelea chini ya hiyo pikapu kinatuhusu, hata kama hatujawahi kushika spana. Na kwa sisi wa fizikia kuna faida ya ziada: tunapata somo zuri kuliko ile springi ndogo ya maabara tunayoitundikia mawe.

Hoja yangu ni moja. Ukibadilisha springi umebadilisha gari zima, si springi peke yake. Atakayekwambia "ongeza pleti tu, gari linakuwa kama lori" amekupa nusu ya habari, na nusu iliyobaki ndiyo inayoua watu.

Springi inabeba, shokapu inatuliza

Tuchukue Toyota Hilux, hasa kizazi kilichoanza kutoka 2004. Mbele ina springi za kuzunguka, zile za koili. Nyuma ina springi za pleti: vyuma virefu vilivyopinda kidogo, vimepangwa kimoja juu ya kingine na kufungwa kwenye ekseli.

Mwaka 1678 Robert Hooke alichapisha kanuni tunayoifundisha mpaka leo: springi hujikunja kulingana na nguvu inayoibana. Mzigo ukiongezeka mara mbili, mkunjo nao unaongezeka mara mbili, ilimradi hujavuka kikomo chake. Lakini springi ikibanwa huhifadhi nguvu, na ikiachiwa huirudisha. Bila kitu cha kuizuia, gari lingeendelea kudunda muda mrefu baada ya kupita shimo moja. Hapo ndipo shokapu inapoingia. Ndani yake oili husukumwa kupita kwenye vitundu vidogo, na mwendo unageuka kuwa joto. Ndiyo maana ukigusa shokapu baada ya barabara ndefu ya rasta unaikuta ya moto. Shokapu haibebi mzigo. Kwa hiyo mtu anayelalamika kwamba gari "limelala nyuma", halafu akanunua shokapu mpya, atarudi nyumbani na gari lililolala vilevile.

Tupige hesabu

Baba yangu mdogo ana Hilux anayobebea viazi kutoka mashambani huko Makete. Fundi alimshauri aongeze pleti mbili kila upande. Akanipigia: "Mwalimu, wewe ndiye umesoma. Nimpe hela au nisimpe?" Nikamwomba anipe siku mbili.

Nilianza na mfano rahisi. Tuseme mzigo wa kilo 600 umekaa wote juu ya springi mbili za nyuma. Kila moja inabeba kilo 300, yaani kama niutoni 3,000. Ikiwa springi inahitaji niutoni 50 ili ijikunje milimita 1, itashuka milimita 60. Sasa tuseme ina pleti tano zinazofanana, tukaongeza ya sita. Ugumu unapanda kwa asilimia 20, kutoka 50 hadi 60, na springi itashuka milimita 50. Yaani gharama yote ile, na kwa ugumu huo peke yake umeokoa sentimita moja! Ukiona gari limepanda zaidi ya hapo, ujue pleti mpya ilikuja na mkunjo mkubwa kuliko za zamani.

Unene una siri kubwa zaidi. Ugumu wa pleti hufuata unene wake ukizidishwa wenyewe mara tatu. Pleti ya milimita 7 ukiilinganisha na ya milimita 6 yenye upana na urefu uleule, ni ngumu zaidi kwa karibu asilimia 59. Kwa hiyo swali la "ngapi?" halitoshi. Muulize fundi pia, "nene kiasi gani?" Na ukifunga upande mmoja, funga na wa pili vilevile, la sivyo gari litaegemea.

Tatizo linaonekana siku gari likiwa tupu. Springi iliyotengenezwa kwa ajili ya viazi haijikunji bila viazi. Tairi likigonga tuta linaruka, na tairi lililo hewani halishiki breki wala kona. Sasa kumbuka nani hupanda gari likirudi tupu kutoka sokoni: akina mama, watoto wa shule, na mwalimu mgeni mwenye begi lake.

Kuinua gari kunagusa vitu vingine

Ukiinua nyuma kwa springi, chasisi inapanda lakini difu haipandi hata milimita moja, kwa sababu imo kwenye ekseli, na ekseli inakaa kwenye matairi. Kinachoinua difu ni matairi makubwa tu. Mbele nako, ukiinua, pembe za magurudumu zinahama, kwa hiyo alaimenti lazima ipimwe upya. Shokapu fupi inaweza kuvutika hadi mwisho wake, na mipira ya breki ikakazika. Gari lote linakuwa na uzito uliokaa juu zaidi, na hivyo ni rahisi kupinduka kwenye kona.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui. Hilux nyingi zina kijiti kinachounganisha ekseli ya nyuma na valvu ya breki. Mzigo ukishusha gari, kijiti kinaiambia valvu ipeleke nguvu zaidi kwenye breki za nyuma. Ukiinua gari bila kukirekebisha, valvu inadhani gari ni tupu wakati limejaa. Breki za nyuma zinafanya kazi kidogo, tena mteremkoni, na mzigo uko mgongoni.

Na uzito wa juu ulioruhusiwa na kiwanda haubadiliki kwa sababu umeongeza pleti. Ekseli, beringi, chasisi na breki ni zilezile.

Bamba la tumboni

Njia za mashambani zina mawe na visiki, kwa hiyo kukinga sampu ya oili, rejeta na gia boksi ni akili. Lakini bamba nalo ni mzigo. Bamba la chuma la sentimita 80 kwa 70, lenye unene wa milimita 3, lina kilo 13 hivi. Ukisema uweke la milimita 6 "ili liwe imara", umefika kilo 26, zote zikining'inia mbele. La aluminiamu la milimita 6 lina kama kilo 9, ila bei yake si ya mchezo.

Bamba lifungwe kwenye chasisi, kamwe si kwenye sampu yenyewe, maana likigonga jiwe litapeleka kishindo kulekule ulikotaka kukinga. Ukingo wa mbele ukunjwe kwenda juu ili lisichimbe ardhi. Liwe na matundu ya kutoa maji na tope na ya kubadilishia oili. Na lisafishwe: nyasi kavu zikikusanyika karibu na ekzosi zinaweza kushika moto.

Jibu nililompa

Nilimwambia: "Baba, kwanza tukague ulichonacho." Walikuta bushi zimeisha na shokapu moja inavuja. Vikabadilishwa hivyo kwanza. Kisha pleti moja kila upande badala ya mbili, kijiti cha valvu kikarekebishwa, halafu bamba la milimita 3. Fundi hakufurahi sana, kazi ilikuwa imepungua. Kuhusu abiria juu ya magunia nilimwomba aache kabisa, maana hapo hakuna springi itakayowasaidia. Hilo bado tunabishana.

Nanyi mtakaoenda kufundisha, jaribuni hivi. Omba pikapu isimamishwe uwanjani, sehemu tambarare. Wanafunzi wapime kutoka ardhini hadi ukingo wa bodi juu ya tairi la nyuma. Kisha waongeze magunia yenye uzito unaojulikana, moja baada ya jingine, wapime tena kila mara na kuchora grafu. Mstari utakaribia kunyooka. Pale utakapoanza kupinda, waulize kwa nini. Mwanafunzi atakayeweza kujibu, kesho akiwa dereva au fundi, hatadanganyika kirahisi.